Matairi ya GT86 kwa siku chache za uwanja wa mbio: nichague yapi?

Kona86

Wakuu, salamu kwenu. Nina Toyota GT86 ya mwaka 2015 ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani, isipokuwa pedi na mafuta ya breki, ambavyo nimevibadilisha. Ninaiendesha barabarani wiki nzima, na mara nne au tano kwa mwaka ninaipeleka kwenye uwanja wa mbio siku ambazo sisi madereva wa kawaida huruhusiwa kuingia kwa vipindi vya dakika 20. Sina trela wala gari la pili. Matairi ninayoendea ndiyo ninayozungukia, na ndiyo yanayonirudisha nyumbani, mvua inyeshe isinyeshe.

Mara ya mwisho nilikuwa na matairi ya kawaida ya barabarani, saizi 215/45R17. Kufikia kipindi cha tatu usukani wa mbele ulikuwa umelegea, yaani nakata kona na gari linazidi kwenda mbele. Niliposimama nikapitisha kidole kwenye tairi la mbele la kushoto, nikakuta bega la nje limechanika na vipande vya mpira vya ukubwa wa ukucha vimebanduka, ilhali katikati ya tairi meno yalikuwa bado na kina cha milimita 5. Tairi hilo limekufa likiwa na nusu ya maisha yake.

Sasa ninafikiria aina tatu: Michelin Pilot Sport 5, Bridgestone Potenza RE-71RS, au Toyo Proxes R888R. Ninaomba mnieleze mngechagua lipi mngekuwa katika nafasi yangu, na kwa nini.

Breki_Kwanza

Mkuu, hiyo R888R iondoe kwenye orodha kabla hatujaenda mbali. Ni semi-sliki: mifereji yake ni michache, na sehemu kubwa ya uso wake ni mpira mtupu unaogusa lami. Kwenye lami kavu, likishapata joto, linashika vizuri mno. Lakini kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi, na mifereji ikiwa michache maji hubaki pale pale na gari huelea juu yake. Wewe umesema utarudi nyumbani na matairi hayo hayo hata kama mvua inanyesha, na sitaki kukuona ukirudi hivyo.

Kuna namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi, baada ya neno la Kiingereza linalomaanisha kuchakaa, ambayo hutokana na utaratibu wa Marekani wa kupima uimara wa mpira. Namba ndogo huashiria mpira laini unaoisha haraka. R888R ina 100, RE-71RS ina 200, na matairi mengi ya barabarani ya kiwango cha juu huwa na 300 au zaidi. Usiitegemee kulinganisha kampuni moja na nyingine, kwa sababu kila mtengenezaji hulipangia tairi lake namba mwenyewe. Tumia kuona kundi la tairi tu.

Kwa matumizi yako ningechukua Pilot Sport 5 bila kusita. Sababu yangu kubwa ni wewe dereva, zaidi ya mpira wenyewe. Tairi la barabarani huanza kulia mapema, na huteleza taratibu, hivyo unapata muda wa kusikia kosa lako na kulirekebisha. Tairi laini hunyamaza likashika, likashika tena, kisha huachia kwa mwendo mkubwa zaidi. Isitoshe, mshiko ukiongezeka unachelewa kukanyaga breki na unakanyaga kwa nguvu zaidi, na joto lote hilo linaishia kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Nimewahi kukanyaga kanyagio likazama hadi chini kwa sababu mafuta yalikuwa yamechemka, wiki moja tu baada ya kufunga matairi laini. Niliokolewa na eneo pana la changarawe lililokuwa mbele yangu.

Mzunguko

Ninakubaliana na ndugu yangu hapo juu kuhusu R888R na kuhusu breki, lakini kwenye hilo la mwisho tunatofautiana. Tairi la barabarani lina meno marefu, takriban milimita 8 likiwa jipya, na meno marefu hujipinda kila unapokata kona. Kujipinda huko huzalisha joto, joto likizidi mpira huanza kujiviringa na kumeguka, na hicho ndicho alichokiona muulizaji kwa kidole chake. Pilot Sport 5 ni tairi zuri sana, lakini ukilikamua dakika 20 mfululizo nalo litachoka. Tairi la kundi la 200 limeundwa kustahimili joto hilo, na huendelea kushika katika mzunguko wa kumi kama lilivyoshika katika wa tatu. Mtu anayejifunza anahitaji tairi lisilobadilika tabia katikati ya kipindi, maana asipokuwa nalo hawezi kujua kama aliyebadilika ni yeye au ni tairi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. GT86 ilibuniwa kwa makusudi ili ukilaza kiti cha nyuma, magurudumu manne yaingie ndani pamoja na vifaa. Kwa hiyo hulazimiki kuchagua tairi moja la kufanya kazi zote. Tafuta rimu nne za ziada, zifunge RE-71RS, na ufike uwanjani ukiwa na matairi ya barabarani. Jeki nzuri na spana ya kupima nguvu ya kukaza nati vinatosha, na kubadilisha yote manne ni kazi ya nusu saa ukishazoea. Mvua ikinyesha mchana, unarudisha ya barabarani na unaendelea na siku yako.

GejiMkononi

Wakuu mmeeleza vizuri, ila naona tumeliacha bega lililochanika bila kuuliza lilichanika kwa sababu gani. Ndugu Kona86, hata ukinunua tairi bora kuliko yote, usiporekebisha mambo mawili utalirarua vile vile.

La kwanza ni kemba, yaani mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani kwa juu. GT86 hutoka kiwandani na kemba ya mbele inayokaribia sifuri. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje husimamia bega lake, na bega hilo peke yake hubeba mzigo ambao ungepaswa kubebwa na uso mzima. Ndiyo maana katikati una milimita 5 na pembeni umebaki na matambara. Zipo boliti maalumu za kuinamisha gurudumu la mbele. Nyuzi 2 hivi kuelekea ndani zitabadilisha kabisa namna tairi linavyoisha, na barabarani hutaona tofauti kubwa alimradi alaimenti ipimwe upya baada ya kazi.

La pili ni upepo, na hapa ndipo ninapowaona watu wakipoteza matairi kila mara. Ukijaza psi 30 asubuhi tairi likiwa baridi, hewa ya ndani ikipata joto la nyuzi 50 zaidi utasoma psi 37 au 38 ukitoka uwanjani. Tairi linavimba katikati, mshiko unapungua, nawe unalaumu mpira. Mimi huanza chini, psi 28 hivi kwa gari la uzito wa kilo 1,240 kama hilo, kisha ninaingia mizunguko minne na kutoka. Geji huwa mkononi kabla sijavua kofia, kwa sababu dakika tano za kusimama zinatosha kuuharibu ukweli. Ninatafuta psi 33 au 34 za moto kwa magurudumu yote manne, na ninapunguza lile lililozidi. Uwanja wenye kona nyingi za kulia hupasha zaidi matairi ya kushoto, hivyo usishangae pande mbili zikitofautiana.

Chukua pia chaki, uchore mstari kutoka kwenye meno hadi ubavuni. Ukitoka, angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika na kuipita ile alama ndogo ya pembetatu iliyo karibu na bega, tairi linajilaza mno na unahitaji kuongeza upepo. Kabla ya kuondoka na matairi hayo hayo, jaza tena, maana yakipoa yatakuwa chini ya kiwango cha barabarani.

Kona86

Ninawashukuru sana. Sikuwa nimewahi kupima upepo wa moto hata siku moja. Nilikuwa ninajaza kiwango cha kitabu cha gari na kuingia. Nimeamua kufunga boliti za kemba kwanza, kuweka Pilot Sport 5 kwenye rimu zangu za sasa, na kwenda nayo siku mbili nikiwa na geji na chaki. Rimu za pili na RE-71RS zitafuata baada ya hapo. Swali la mwisho: nikipata RE-71RS zilizokaa stoo muda mrefu ila hazijatumika, nizichukue?

GejiMkononi

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira laini hukakamaa hata ukikaa bila kutumika, na ulaini ndio unaoununua. Zikipita miaka mitatu mimi huziacha. Na ukishafunga magurudumu uwanjani, rudi na spana baada ya kipindi cha kwanza ukague nati zote tena.