MJADALA: Kitabu adimu kikiuzwa nje ya nchi, tumeibiwa au kimeokolewa?

Mkazi wa Magomeni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi.

Juzi nimenunua kitabu pale Posta, barabara ya Samora, kwa mmoja wa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba chini. Ni Kusadikika. Wengi tulikisoma shuleni, lakini hiki si kile cha shule. Ni chapa ya kwanza, ya mchapishaji Nelson, 1951, Shaaban Robert akiwa bado na miaka kumi na moja ya kuishi. Jalada limepauka, mgongo umeshikwa kwa gundi ya viatu, na kuanzia katikati kuna tundu la mdudu linalopita ukurasa hadi ukurasa kama lilichomwa kwa sindano. Nimetoa elfu nane.

Nikapiga picha nikaitupia kwenye kundi la wapenda vitabu. Usiku uleule mtu aliyeko London akaniandikia: dola 250, na nauli ya posta juu yake.

Bei si tatizo langu. Tatizo langu ni kwamba Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango. Mlango kabisa! Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 huutoi nchini bila kibali. Vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya 1863 navyo vimo. Kitabu cha 1951 hakimo. Kwa hiyo mlango wa tajiri wa pwani una mlinzi, na mwandishi wa Tanga anapita uwanja wa ndege ndani ya bahasha ya kaki.

Nasema sheria ipanuliwe. Chapa za kwanza, barua na miswada ya waandishi, picha za mkono za wachoraji waliotangulia, vyote visitoke bila kibali. Anayepinga aje.

Muuza Vitabu wa Njiani

Napinga mimi. Na hicho kitabu huenda kimetoka kwangu, maana gundi ya viatu ni kazi ya mkono wangu.

Biashara hii nilianza nikiuza kwa kilo. Msiba unatokea Upanga au Ilala, marehemu alikuwa mwalimu, watoto wanataka nyumba ipangishwe, vitabu vinatolewa kwenye viroba. Unajua mteja wangu wa kwanza alikuwa nani? Muuza karanga. Ukurasa unachanwa, unakunjwa pembe, karanga zinaingia. Sikuona ofisa hata mmoja aliyekuja kuuliza kibali cha karanga.

Alipokuja mzungu mmoja akitafuta vitabu vya zamani, akafuata Mkenya, wakafuata vijana wetu wenye simu, ndipo nikaanza kufunua kurasa za mwanzo kutazama mwaka. Kusoma ule ukurasa wa mchapishaji nimefundishwa na bei, sikufundishwa na semina. Leteni kibali chenu, mimi nirudi kwa muuza karanga. Yeye analipa papo hapo.

Binti Ilala

Kibali cha karanga, nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ila jamaa ana hoja.

Mkutubi Mstaafu

Wanangu, nimekaa maktaba tangu nywele zikiwa nyeusi. Kabla hatujafika uwanja wa ndege, mleta mada nijibu. Fungua ukurasa wa jina, kisha jalada la nyuma kwa ndani. Kuna muhuri? Kuna alama ya mfuko wa kadi uliobanduliwa?

Mkazi wa Magomeni (mleta mada)

Shikamoo mama. Upo. Wa mviringo, wino wa zambarau. Ni wa maktaba ya chuo, jina linasomeka nusu, na sitalitaja hapa. Alama ya mfuko ipo pia, mraba mweupe kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai.

Mkutubi Mstaafu

Marahaba. Nilijua.

Kitabu cha maktaba kikiondolewa kihalali hugongwa muhuri wa pili, wa kuonyesha kimefutwa kwenye daftari. Kikiwa na mmoja tu, maana yake kwenye daftari bado kipo rafuni. Kimetokea mlango wa nyuma. Basi mwanangu, unataka sheria ya kuzuia London wakati kitabu hakijawa chako.

Wala sisemi maktaba zetu ni pepo. Masika ya Dar, kuna asubuhi unyevu unapita asilimia 80, umeme umekatika, kiyoyozi kimezimwa tangu Ijumaa. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanapenda gundi ya wanga kuliko mtoto anavyopenda sukari. Nimewahi kuinua kitabu nikabaki na jalada mkononi, ndani mchwa wamejenga.

Lakini mkusanyaji binafsi naye hufa, na baada yake ni viroba, kama muuza vitabu alivyotueleza mwenyewe. Miswada ya Kiswahili na Kiarabu aliyoisimamia mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen iko maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, na orodha yake ilichapwa kitabu kizima mwaka 1970. Mtu wa Lamu au wa Berlin anaweza kujua kilichomo. Orodha ya mkusanyaji binafsi iko kichwani mwake, anakwenda nayo kaburini.

Mwanafunzi Ughaibuni

Mama shikamoo, nakuheshimu, lakini nikwambie yaliyonikuta. Tenzi zilizoandikwa kwa mkono, zilizoko SOAS, kile chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London, nimezisoma nikiwa kitandani, zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Nyumbani nilipotaka kuona karatasi za aina hiyohiyo, kwenye taasisi moja, niliambiwa nilete barua. Nikaleta. Wakasema barua ya mtu mwingine. Likizo ikaisha.

Skani kila kitu, halafu kitu chenyewe kiende kinakotunzwa. Angalieni nyaraka za Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia. Chuo Kikuu cha Texas kilizinunua kwa dola milioni 2.2, na mwaka 2017 kikaweka maelfu ya kurasa mtandaoni bure. Mkolombia anazisoma kwao bila viza.

Binti Ilala

Anazisoma kwa hisani ya Texas. Siku wakiamua kufunga, anamlalamikia nani?

Na skani haibebi kila kitu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, kitabu kikatoka 1963. Mwaka 1969 akatoa tafsiri aliyoirekebisha, ndiyo hii yenye jina Juliasi Kaizari. Anayeskani kwa haraka atachukua moja, ya pili ataiacha akidhani ni ileile. Zikikaa pamoja mezani ndipo unamwona Rais, nchi changa mabegani, anarudi kusahihisha Kiswahili chake mwenyewe. Mimi nataka mwanangu azishike zote mbili.

Fundi wa Rangi, Oysterbay

Mmezungumza vitabu tu. Mimi ni wa picha.

Kila mwezi mtu ananiletea "Tingatinga mwenyewe". Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968, akauawa kwa risasi ya polisi 1972, walimdhania mwizi anayetoroka na gari. Miaka minne tu. Ukihesabu picha zenye saini yake zinazozunguka, utafikiri alichora miaka arobaini.

Mimi saini huiangalia mwisho, maana ndiyo rahisi kuliko vyote kuiga. Kwanza naigeuza picha. Yeye alichora kwenye hadibodi, ile ya kahawia yenye mgongo wa mikwaruzo kama kitambaa, kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Ukiniletea turubai nashuku kabla sijavaa miwani. Hadibodi ikiwa nyeupe pembeni, imekatwa juzi. Halafu nanusa. Msicheke, rangi mpya ina harufu.

Sasa huyo ofisa wenu wa kibali atageuza picha? Atanusa? Atagonga muhuri. Na picha ya bandia ikishapata kibali cha serikali cha kutoka nchini, hicho kibali ndicho hati ya kwamba ni ya kweli! Mtakuwa mmewafungulia kiwanda waigaji.

Na jambo moja linaniuma, hakuna aliyeligusa. Picha zile ziliuzwa hapahapa Oysterbay, Morogoro Stores, kwa shilingi chache. Leo mnagombana nani azimiliki, mkusanyaji au serikali. Watoto wa mchoraji hawamo kwenye hoja ya yeyote.

Muuza Vitabu wa Njiani

Hapo umesema.

Mkazi wa Magomeni (mleta mada)

Nimewasoma wote, na fundi amenitikisa. Kibali cha kila kitu nakiondoa.

Nabaki na hili. Uingereza, kitu chenye thamani kubwa kwa taifa kikipata mnunuzi wa nje, leseni inaweza kucheleweshwa ili taasisi za ndani zichange fedha na kukinunua kwa bei ileile. Zikishindwa, kinakwenda. Muuzaji hapunjwi, muuza karanga hapati mteja mpya, na taifa linakuwa limeulizwa. Kwa nini sisi tusianze na Maktaba Kuu, ipewe fungu dogo la kununua?

Muuza Vitabu wa Njiani

Fungu lenyewe litapita mikono mingapi kabla halijafika Samora?

Mkutubi Mstaafu

Hilo la fungu naliunga mkono, na kejeli yako naijua inakotoka. Lakini mleta mada hajajibu. Kitabu unakifanyaje?

Mkazi wa Magomeni (mleta mada)

Mama, jana nimekwenda nacho chuoni. Kijana wa mapokezi amekigeuza, ameutazama muhuri, akasema hawapokei michango siku ya Ijumaa. Nikamwambia si mchango, ni mali yenu. Akaita mkubwa wake. Wakafungua daftari la zamani, kubwa kama mto wa kulalia, na namba ikaonekana: kitabu kipo, rafuni, hakijaazimwa na mtu. Tukaenda wote watatu hadi rafu. Kuna nafasi ya kidole kimoja kati ya vitabu viwili.

Hawakukichukua. Wameniambia niandike barua kueleza nilikipataje, na nitaje niliyenunua kwake. Nimerudi nacho Magomeni. Wa London nimemwambia asubiri.

Muuza Vitabu wa Njiani

Usinitaje bado. Pita kwangu Jumatatu asubuhi kabla jua halijawa kali. Ninavyo vingine vitatu vyenye muhuri wa zambarau, na aliyeniletea bado ana kitambulisho cha kazi shingoni.