Eti mkato kabla ya "who" unabadilisha idadi ya makaka?

Kapuku Msomi:
Habari za jioni wakuu. Nasoma kiingereza jioni baada ya kazi, jana ticha karudisha madaftari, langu limejaa wino mwekundu. Sentensi zenyewe ni hizi:

"The book which I bought it is lost."
"I know a man who his car was stolen."
"My brother who lives in Tanga is a fisherman."

Mbili za kwanza kakata "it" na "his" bila maelezo. Ya tatu kaniuliza una kaka wangapi, nikasema mmoja tu, akasema basi weka mikato. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka ila moyoni najiuliza kaka yangu na mkato wapi na wapi??

Bi Chaki:
Pole mdogo wangu, hayo makosa hayatokani na ujinga, ni kiswahili chako kinakuvuta. Sisi tunasema kitabu nilichokinunua, hapo -cho- ipo na -ki- ipo, zote zinarudi kwenye kitabu na hakuna anayelalamika. Mwingereza anataka moja tu, ukishaweka which kazi ya it imekwisha. "The book which I bought is lost." Hata hiyo which ukiitoa sawa, "The book I bought is lost", kwa sababu mnunuzi ni wewe, I. Ila kirejeshi (hiyo who, which au that) kikiwa ndo mtendaji usithubutu kukitoa, huwezi kusema "The man came yesterday is my uncle", lazima who au that.

Hiyo ya gari ni hivyo hivyo, kwetu ni mtu ambaye gari lake limeibiwa, wewe ukatafsiri ambaye halafu ukatafsiri lake. Wenzetu wameviunganisha: "a man whose car was stolen".

Jamaa wa Kisauni:
Mi hutumia that kila mahali na maisha yasonga 😂 mtu that, kitu that, nani ana time ya kuchagua

Bi Chaki:
Kwenye kirejeshi kinachobainisha, yaani kinachoonyesha ni yupi, utapona ndugu yangu. Ukishaweka mkato tu, that inakufia mkononi, hapo ni who au which.

Mzee wa Mikataba:
Kapuku huo mkato usiudharau, mimi nashinda na makaratasi ya kiingereza naujua. Bila mkato, maneno ya who yanachagua: katika makaka zangu nasema yule wa Tanga, maana yake wapo wengine. Ukiweka mikato, kaka anajulikana tayari na Tanga ni habari ya kuongezea tu. Sasa angalia tangazo, "Students who have paid may enter", hapa asiyelipa anabaki getini. Weka mikato, "Students, who have paid, may enter", umeshasema wanafunzi wote wamelipa na mlinzi hana wa kumzuia. Kwenye kiswahili wanafunzi waliolipa tunaachia sauti na mazingira yamalize, wao wanategemea kialama hicho kidogo.

Kapuku Msomi:
Aisee!! kumbe ndo maana. Sasa na mbwa je? mbwa aliyeniuma, kwetu ni a- kama mtu kwa hiyo niliandika "the dog who bit me"

Bi Chaki:
Andika that au which. Kwetu mnyama yuko ngeli ya watu, kwao mbwa usiyemjua ni kitu. Ila wakimfuga wakampa na jina utasikia wanamwita who, mapenzi hayo.

Halafu kuna mtego mwingine huo wino mwekundu bado haujaufikia. Kiti nilichokalia, kisu nilichokatia nyama, ule mnyambuliko wa -ia umebeba mzigo kimyakimya. Kiingereza hakina, mzigo unashushwa mwisho: "the chair I sat on", "the knife I cut the meat with". Wengi wetu tunaishia "the chair I sat" na kidebe kinabaki juu.

Kapuku Msomi:
Ngoja nijaribu mnisahihishe kabla sijampelekea ticha.
"My brother, who lives in Tanga, sold the boat that he was fishing."

Jamaa wa Kisauni:
alikuwa anavua boti?? 🤣🤣

Kapuku Msomi:
daah. "the boat he was fishing from"

Bi Chaki:
Hapo sawa. Na that umeimeza mwenyewe bila kuambiwa.