Phil Ivey aliiba au alitumia macho? Karibuni tujadili

Mleta mada
Wakuu, habari za muda huu. Juzi kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa, nikaona nilete huku. Phil Ivey, Mmarekani bingwa wa poka, Agosti 2012 aliingia kasino ya Crockfords, London. Hakucheza poka. Alicheza punto banco, mchezo usiodai akili yoyote: unaweka dau upande wa "mchezaji" au wa "benki", karata zinagawiwa, upande ulio karibu na tisa unashinda. Hadi anainuka mezani ameshinda pauni milioni 7.7. Kasino ikamrudishia mtaji wake wa milioni moja, ushindi ikagoma kulipa. Ivey mwenyewe ndiye aliyekwenda mahakamani kudai.

Alifanyaje? Migongo ya karata zile haikukatwa sawasawa. Ukikodoa macho, nakshi kwenye ukingo mmoja mrefu inaishia tofauti kidogo na ukingo wa pili. Mwenzake, mwanamke mwenye jicho la mwewe, akamwomba mgawaji azigeuze karata nzuri, saba, nane na tisa, zikae kinyume na nyingine, akisingizia mambo ya nyota na bahati. Kasino zimezoea wateja wa aina hiyo. Karata zikachanganywa na mashine, ambayo haigeuzi kitu, na Ivey akaomba zilezile ziendelee kutumika. Kuanzia hapo aliijua karata ya kwanza ni nzuri au mbovu kabla ya kuweka dau.

Msimamo wangu: hakuiba. Hakugusa karata hata moja. Kasino ilinunua karata mbovu yenyewe, ikakubali kila ombi kwa kuwa ilimwona ni mshirikina mwenye hela. Nipingeni kwa hoja, matusi hapana.

Mpiga Mahesabu
Ngoja niweke namba. Faida ya kasino kwenye punto banco ni asilimia 1.06 ukiwekea benki, 1.24 ukiwekea mchezaji. Ndogo, ila haichoki wala hailali. Kwa dau la pauni 150,000, na Ivey alikaribia huko, kasino inategemea wastani wa pauni 1,860 kila mkono upande wa mchezaji. Kwa mbinu ile, ukiicheza bila kukosea, faida inahamia kwako, kama asilimia 6.5. Mkono uleule unakuletea wastani wa pauni 9,750. Hiyo si bahati tena, ni mshahara.

Ila msichanganye na poka. Kwenye poka unamla mchezaji mwenzio, kasino inakata chake tu pembeni, ndiyo maana kuna watu wanaishi kwa poka na hakuna anayeishi kwa ruleti. Na nyie wa mikeka ya mechi 15, hata kama kila mechi una uhakika wa asilimia 70, mkeka mzima kutiki ni chini ya nusu ya asilimia moja. Piga kikokotoo mwenyewe.

Ustadhi wa Mjini
Mnapima nani kamdhulumu nani kwenye jambo ambalo lote ni maisir, yaani kamari. Someni Qurani, Al-Maida aya ya 90, mlale mapema.

Mleta mada
Ustadhi, hapo sina ubishi. Tuvumilie tu.

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada, Ivey aligonga mwamba Mahakama Kuu 2014, akagonga tena Rufani 2016 (pale jaji mmoja kati ya watatu alikuwa upande wake), na tarehe 25 Oktoba 2017 majaji watano wa Mahakama ya Juu wakamkatalia kwa kauli moja. Kinachonivutia ni hiki: jaji wa kwanza aliamini kwamba Ivey anasema kweli anapodai kuwa moyoni hajioni mdanganyifu. Na bado akashindwa! Hoja ya mahakama ni nyepesi kuielewa. Angeingia kwa siri akazipanga karata kwa mkono wake, nani angebisha kuwa ni udanganyifu? Yeye alizipanga kwa mkono wa mgawaji ambaye hakujua anatumika. Kuona ni jambo moja, kupanga ni jingine. Anayehesabu karata kichwani kwenye blakijaki anaona tu, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilizikataza kasino kumfukuza Ken Uston kwa sababu hiyo.

Kijana wa Barazani
Naunga mkono mleta mada. Nyumbani tulicheza lasti kadi kwa karata moja miaka na miaka. Ree ya shupaza ilikuwa imekunjika sikio, mtoto wa miaka saba anaijua ikiwa mkononi mwa nani. Hakuna aliyeitwa mwizi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mvita
Hilo sikio limenikumbusha machungu. Mimi nililiwa na mtu wa pata potea karibu na stendi. Kadi tatu juu ya katoni. Jamaa alipogeuka kumfokea mtu, kijana aliyekuwa kando yangu akaikunja pembe ya kadi ya ushindi upesi, akanikonyeza. Nikaona nimepata. Nikaweka nauli yote juu ya kadi yenye pembe. Ikafunuliwa, siyo! Pembe ya ile ya kweli ilishanyooshwa na nyingine ikakunjwa, na kijana alikuwa wao. Kwa hivyo mtu akiniambia ameshinda kwa "kuona tu", mimi huuliza kwanza alama iliwekwa na nani.

Mpiga Mahesabu
Pole mzee. Tofauti ni kwamba safari hii aliyelizwa ni mwenye katoni.

Mleta mada
Wakili, hapo kwenye kuona na kupanga umenitikisa, sikatai. Lakini mgawaji alikuwa na hiari ya kusema hapana. Kwa nini mzigo wote abebe mteja?

Wakili wa Kijiweni
Angesema hapana kama angeambiwa sababu. Ndiyo maana hakuambiwa, akaletewa hadithi ya bahati. Kijana wa Barazani, nikuulize na wewe: hilo sikio la ree lilikunjika lenyewe?

Kijana wa Barazani
Dah. Alilikunja marehemu ami. Sasa ndiyo naelewa kwa nini siku zote alitaka agawe mwingine.