Agents of S.H.I.E.L.D. msimu wa 4: nini hasa kilibadilika? (siri za hadithi zimo ndani)

Mtazamaji wa Usiku
Wakuu, nauliza walioimaliza tamthilia hii ya Marvel kuhusu majasusi wa shirika la S.H.I.E.L.D. Msimu wa 4 (Septemba 2016 hadi Mei 2017, sehemu 22) umepanda kiwango mno. Ukitoka moja kwa moja msimu wa 3 unaweza kudhani wameletwa wasimamizi wapya, kumbe Jed Whedon, Maurissa Tancharoen na Jeffrey Bell ni walewale. Sehemu ya 15, "Self Control", ambayo Whedon ameiandika na kuiongoza mwenyewe, naiweka juu kuliko kitu chochote cha mashujaa kilichopita kwenye runinga: wote wamo ndani ya kambi moja, hujui nani mtu na nani roboti, na Fitz na Simmons, wanasayansi wapenzi, kila mmoja anamtaka mwenzake athibitishe kuwa ana damu ya kweli.

Maswali mawili. Kitu gani hasa kilirekebishwa? Na mtu aliyeikimbia kwenye msimu wa 1 apewe sehemu zipi chache ili aingie wa 4 bila kupotea? Zile 66 za nyuma zote hatazikubali.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, kilichorekebishwa ni mpangilio. Zamani hadithi moja ilibebeshwa msimu mzima au nusu yake, kwa hiyo katikati ilikuwa inavutwa tu ili ifike mwisho. Safari hii wameikata vipande vitatu: Ghost Rider (Robbie Reyes, mlipiza kisasi mwenye kichwa cha moto) sehemu ya 1 hadi 8, LMD (roboti wanaofanana na watu) 9 hadi 15, Agents of Hydra (Hydra ni kundi adui wa S.H.I.E.L.D.) 16 hadi 22. Hata mapumziko ya kituo cha ABC yaliangukia kwenye maungio hayohayo: ya 8 ilirushwa Desemba 6, ya 9 Januari 10, ya 15 Februari 21, ya 16 Aprili 4. Kila kipande kina kilele chake, na hakuna sehemu ya kujazia nafasi.

Ila kukata vipande peke yake kungezaa tamthilia tatu fupi zisizojuana. Kinachovishona ni kile kitabu cha uchawi, Darkhold. Eli Morrow, mjomba wa Robbie na adui wa kipande cha kwanza, anapata nguvu zake kwa njia yake. Sehemu ya 7 Coulson (kiongozi wa kikosi), Fitz na Robbie wanakwama kati ya dunia mbili, na anayekisoma ili kuwatoa ni Aida, roboti msaidizi, kwa ridhaa ya mashujaa wenyewe. Alichokipata humo ndicho kinachomwezesha kuukamilisha ulimwengu wa kompyuta wa Framework. Kwa hiyo adui wa kipande cha tatu ameandaliwa mbele ya macho yetu tangu cha kwanza, tena akiwa msaidizi mpole anayefuata maagizo.

Jambo la pili ni uhuru. Msimu wa 1 ulifungwa mikono na filamu: siri ya Hydra kujipenyeza ndani ya S.H.I.E.L.D. haikuweza kuguswa hadi Captain America: The Winter Soldier itoke Aprili 4, 2014, na sehemu ya 17 ikafuata Aprili 8. Sehemu 16 nzima zilikuwa zinasubiri. Msimu wa 4 umechukua tu Mkataba wa Sokovia (wa kuwadhibiti wenye nguvu za ajabu) kama mandhari, unaeleza kwa nini Mace ndiye mkurugenzi wa S.H.I.E.L.D. na Coulson kashushwa cheo, basi, hausubiri filamu yoyote. Pia ulisogezwa kutoka saa tatu usiku hadi saa nne, na ukatili wa Robbie Reyes unaonyesha kwamba nafasi hiyo waliitumia.

BintiRuninga
Nijibu swali la pili, maana hapo wengi hukosea. Mpe hizi 14.

Msimu wa 1: ya 1 awajue watu, kisha 17 hadi 22 bila kuruka. Humo ndimo Ward, mwenzao wa kikosi, anapogeuka kuwa wa Hydra, na Fitz anapoumia ubongo.
Msimu wa 2: ya 10, Daisy anapata nguvu zake, na ya 17, "Melinda".
Msimu wa 3: ya 5, Simmons peke yake kwenye sayari ngeni, ya 10, Coulson anamuua Ward, ya 18, Radcliffe, mtengenezaji wa Aida, anaingia, halafu 21 na 22.

Hiyo "Melinda" isirukwe hata kidogo. Inaonekana kama hadithi ya pembeni, lakini Framework inafanya kazi kwa kumwondolea kila mtu jambo moja analojutia. La Melinda May, jasusi wa kikosi, ni yule mtoto aliyemuua Bahrain. Ndani ya Framework hakumuua. Mtoto akapelekwa Marekani, watu wengi wakafa Cambridge, wananchi wakawaogopa Inhumans (watu wenye nguvu za ajabu), na Hydra ikapewa nchi. Asiyeijua Bahrain ataona dunia imegeuka tu bila sababu, na utamu wote wa sehemu ya 16 unapotea. Ndiyo maana pia Fitz wa kule anatisha: kaondolewa jeraha la baba kumtoroka, akalelewa na baba huyohuyo.

Mzee wa Remoti
Nakubaliana nanyi, ila tusiupake rangi msimu mzima. Eli ni adui dhaifu. Anazinduka akiwa amechelewa, na sehemu ya 8 inammaliza haraka. Ivanov, adui mwingine, naye ni hasira tupu, amewekwa ili Aida awe na mtu wa kumtuma. Anayeubeba msimu ni mwigizaji Mallory Jansen: roboti Aida, Agnes (mwanamke ambaye sura yake ilinakiliwa) na Madame Hydra ni mtu mmoja, na kila mmoja ana sauti na mwendo wake.

Mwambie pia asimsubiri Ghost Rider. Baada ya ya 8 harudi hadi mwisho wa ya 21.

Mtazamaji wa Usiku
Asanteni sana, hizo 14 nimezinakili. Na Slingshot iwekwe wapi?

BintiRuninga
Kabla tu ya msimu wa 4. Ni vipande sita vifupi vya Yo-Yo, mmoja wa mashujaa, vilivyotoka Desemba 2016, lakini matukio yake yanatangulia sehemu ya 1. Si lazima. Cha lazima ni asizime ya 22 mapema: ile picha ya mwisho ya Coulson angani ndiyo mlango wa msimu wa 5, na deni lake kwa Ghost Rider linalipwa huko.