Tairi za kiangazi kwenye theluji: mtu aachiwe aamue mwenyewe, au sheria imbane?

Kifimbo_Stuttgart
Wakuu salaam. Naomba tujadili bila matusi. Nina BMW 330i, rimu inchi 19, imefungwa tairi za kiangazi za spoti, zile zinazong'ang'ania kona. Desemba imeingia na kila ninayekutana naye ananihubiria nibadilishe. Seti ya baridi ya inchi 19, bei mnaijua.

Sheria ya hapa Ujerumani haina tarehe. Inasema kukiwa na theluji, tope la theluji, barafu au umande ulioganda barabarani, uwe na tairi ya baridi. Siku kavu hainihusu. Na hii "nyuzi 7" inayoimbwa kila mwaka, eti baridi ikishuka chini ya hapo ufunge za baridi, ni ya wauza tairi. Lami ikiwa kavu, hata kwenye nyuzi 4 au 5 tairi nzuri ya kiangazi mara nyingi inasimama mapema kuliko ya baridi. Theluji ikianguka, mimi naliacha gari napanda treni. Sasa niambieni, kwa nini kuna nchi zinamlazimisha mtu mzima kwa kalenda?

MamaTumaini_MN
Kijana wangu, inchi 19 za nini? Hizo ni rimu za kupiga picha utume nyumbani. Mimi niko Minneapolis, Marekani, huku hakuna sheria ya kukulazimisha tairi za baridi, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na akili kama zako. Nikafika taa nyekundu, nikakanyaga breki mapema kabisa, ABS (ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) ikaanza kunguruma chini ya mguu, grrr grrr grrr, na gari halina habari. Nikaipita taa polepole huku nimepiga honi kama matatu, nikiwaangalia watu usoni. Mungu tu.

Kifimbo_Stuttgart
Mama, shikamoo, lakini la picha umenikosea. Gari nimelinunua kwa jasho langu, nafanya shifti za usiku ghalani, na lilikuja na rimu hizo. Nikiweka ndogo kuliko 17 breki za mbele zinagusa. Siringi na mtu.

Sele_wa_Ilala
"Lilikuja na rimu hizo" 😂😂 Yote huwa yanakuja nazo.

Kifimbo_Stuttgart
Sele, wewe unaendesha nini?

Sele_wa_Ilala
Mguu 11. Lakini rimu naijua nikiiona.

NduguYaBukavu
Bandugu, mimi niko Montréal, jimbo la Quebec, Kanada. Huku tairi za baridi ni lazima, tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, kila gari dogo lililosajiliwa hapa. Zamani ilianza 15 Desemba, wakarudisha nyuma kwa sababu theluji haingoji. Faini dola 200 mpaka 300. Sheria imeanza tangu 2008 na hakuna mtu analia. Kila mtu ana seti mbili, za pili zinalala kwenye baraza au kwa fundi. Kalenda ni nzuri kwa sababu polisi hana haja ya kubishana na wewe kama ile ni theluji au ni maji.

Mwl_Leicester
Tufanye hesabu kidogo. Km 50 kwa saa. Msuguano wa lami kavu tuseme 0.8, theluji iliyoshindiliwa 0.2, barafu tupu 0.1. Umbali wa breki peke yake unatoka kama mita 12, mita 49, mita 98. Bado hujahesabu muda wa mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Tairi ya baridi inaisogeza ile namba ya katikati ikupendelee: mpira wake una silika nyingi (madini kama ya mchanga), haugandi kuwa kama gome, na ile mikato membamba juu yake inauma theluji. Ya spoti ikipoa sana inakuwa plastiki. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba baadhi ya tairi hizo zisisogezwe chini ya nyuzi -7, mpira unaweza kupasuka. Yaani hata kulitoa gari kwenye maegesho.

Sele_wa_Ilala
Mwalimu, Leicester kuna theluji? Si huko mnafunga shule kwa sentimita mbili?

Mwl_Leicester
Tunafunga kwa sababu hakuna mwenye tairi za baridi. Uingereza hakuna sheria. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Sele_wa_Ilala
Hoja ya mtu aliye nyumbani kwa sentimita mbili.

Mwl_Leicester
Mimi nimekulia Makete, kijana. Juni na Julai kule Kitulo unakuta nyasi nyeupe asubuhi. Baridi usinifundishe wewe wa feni.

BintiTanga_SE
Jamani, Makete na tairi wapi na wapi. Niko Stockholm, Uswidi. Huku ni tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na hali ya baridi, na kina cha mifereji ya tairi kisiwe chini ya milimita 3. Kuna pia za misumari, barafuni hazina mpinzani, ila zinakwangua lami hadi hewa inajaa vumbi. Ndiyo maana mtaa wa Hornsgatan zimepigwa marufuku tangu 2010. Kwa hiyo si kila sheria ni ya kumwonea mwenye gari. Nyingine ni mapafu ya anayepita kwa miguu.

Na Kifimbo kaka yangu, unaposema siku ya theluji unaacha gari, ikikukuta uko kazini je? Umeingia saa mbili usiku lami kavu, unatoka alfajiri kila kitu cheupe.

Kifimbo_Stuttgart
Dada nalala kazini 😅

Ila mbona hakuna aliyenijibu hoja ya lami kavu? Wote mmerukia rimu.

Fundi_Mbeya_DE
Nakujibu mimi, nafanya kazi gereji Bavaria, hapa hapa Ujerumani. Kwenye lami kavu uko sahihi, na nyuzi 7 ni kanuni ya mdomoni kama ile yao ya "Oktoba hadi Pasaka". Si sheria. Sheria unaijua nusu. Ukikamatwa kwenye theluji na tairi ya kiangazi ni euro 60 na pointi moja Flensburg (kule wanakoandika makosa ya madereva), ukiziba njia ni 80. Kama gari si lako, mwenye gari aliyekuruhusu naye ana zake 75. Na tangu 1 Oktoba 2024 maandishi ya M+S (matope na theluji) ubavuni mwa tairi peke yake hayakusaidii tena, lazima alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Faini ni ndogo, bima ndiyo inauma. Uliyemgonga atalipwa, lakini gari lako mwenyewe, hata kama una bima kubwa, wanaweza kukata malipo wakidai ni uzembe mkubwa.

Halafu barafu haianzi na theluji. Asubuhi ya nyuzi 1 juu ya sifuri, kwenye daraja au penye kivuli cha msitu, lami unaiona imelowa kidogo tu, kumbe ni barafu. Hapo huna treni ya kupanda, uko ndani tayari. Mteja wetu mmoja aliegesha kwenye mteremko, akavuta hendibreki, akashuka achukue begi buti ya nyuma. Gari likaondoka taratibu, magurudumu yamejifunga hayazunguki, likaenda kuegemea ukuta. Alikuwa bado ameshika mfuniko wa buti.

MamaTumaini_MN
😂😂 Huyo ni mimi bila taa.

Kamanda4x4
Nunueni Subaru muache kelele. 4WD haitelezi.

Fundi_Mbeya_DE
4WD inakusaidia kuondoka, mkuu. Kusimama, kila gari lina magurudumu manne.

Kamanda4x4
Nimeendesha Subaru miaka mingi usinieleze. Sijawahi kuteleza.

BintiTanga_SE
Uko wapi Kamanda?

Kamanda4x4
Nakuru.

Dogo_Tabata
Wakuu, naingia kidogo. IST yangu imetoka Japani na tairi zina vijikato vidogo vidogo kama alivyosema mwalimu, na ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Nimeenda nazo Mbeya na kurudi, sioni tatizo. Kwa hiyo kama za theluji zinafaa Dar, za kiangazi zishindwe nini Ulaya?

Fundi_Mbeya_DE
Dogo!! Hizo ndizo za theluji zenyewe. Zimetengenezwa zibaki laini kwenye barafu, wewe unazipikia kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana. Zinalika kama ufutio, na kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zikiyumba gari linachelewa kusimama. Mvua ndiyo usiseme, nyingi za aina hiyo kwenye maji ni dhaifu. Angalia mwisho wa saizi kama kuna herufi Q, hiyo ni mwisho km 160.

Dogo_Tabata
Ipo Q. Ila 160 IST yangu haifiki.

Sele_wa_Ilala
Inafika ikidondoka Kitonga.

Kamanda4x4
Huku Kenya gari nyingi za Japani zinakuja hivyo na watu wanapanda Salgaa kila siku. Mafundi mnatisha watu muuze tairi.

Fundi_Mbeya_DE
Niko Bavaria, nitamuuziaje Dogo tairi? Dogo, soma namba nne za mwisho kwenye ule msururu wa ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Dogo_Tabata
3714.

NduguYaBukavu
Yesu wangu. Wiki ya 37, 2014.

Dogo_Tabata
Muuzaji kaniambia mpya, kaniambia hata vinywele vyake bado vipo.

Sele_wa_Ilala
Vinywele vipo, ujana hakuna.

Kifimbo_Stuttgart
Wakuu, swali langu lilikuwa kalenda au hali ya barabara. Ndugu wa Montréal na Fundi hawajakubaliana hata kidogo na mmeniacha hewani.

NduguYaBukavu
Kalenda. Nimeshasema.

Fundi_Mbeya_DE
Hali ya barabara, kwa sababu dereva wa pwani ya kaskazini na wa milimani hawana baridi moja. Lakini wewe nunua. Chukua rimu za chuma inchi 17 za mtumba, acha hizo 19 stoo mpaka Pasaka. Picha utapiga Mei.

Kifimbo_Stuttgart
Tumerudi kwenye picha.

Dogo_Tabata
Fundi samahani, kwa sasa mfuko unaruhusu mbili tu. Nifunge mbele nyuma zibaki hizi?

Fundi_Mbeya_DE
Usichanganye za theluji na za kawaida, jikaze ununue nne. Ukishindwa kabisa, mpya zikae nyuma.

Kamanda4x4
Nyuma?? IST inavutwa na mbele, usukani uko mbele, breki kubwa ziko mbele. Mpya mbele.

Fundi_Mbeya_DE
Mbele ikiteleza unapunguza mwendo inarudi. Nyuma ikikukimbia kwenye kona ya mvua, unageuka unaangalia ulikotoka. Nyuma.

Sele_wa_Ilala
Mimi baba yangu alikuwa dereva wa lori, mpya zilikuwa zinakaa mbele siku zote.

Fundi_Mbeya_DE
Lori ni lori!

Mwl_Leicester
Hapo namuunga mkono Fundi. Ngoja niwachoree.

Kamanda4x4
Mwalimu wa Makete usituchoree, jibu kwanza: gari linavutwa na wapi?