Vikundi vya K-pop, muziki wa pop wa Korea Kusini, vinawezaje kumfanya shabiki aliye mbali ajione anasemeshwa yeye?

Mjomba_Morogoro anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mpwa wangu ana miaka 17, na kwa mwaka mzima sasa anaipanga siku yake kwa saa za Seoul: matangazo mubashara yakianza saa 3 usiku kule, huku kwetu ni saa 9 alasiri, naye ameshatoka shule mbio na bando lake liko tayari. Sikutaka kumkemea kabla ya kuelewa, kwa hiyo Jumapili moja nilikaa naye nikatazama. Msanii alikuwa anakula tambi mbele ya simu, anasoma maoni ya watu, anacheka, kisha akaaga kama mgeni anayeondoka barazani, na hakuimba hata ubeti mmoja. Naomba anayeifahamu tasnia hii anieleze ukaribu wa namna hii ulianzaje, unaendeshwaje, na kama kuna ukweli ndani yake au ni biashara tupu.

Zamda_Tanga anajibu:

Shikamoo mjomba. Nitazungumzia BTS, kikundi cha vijana saba, kwa kuwa ndio ninaowafuatilia kwa muda mrefu. Walianza rasmi Juni 13, 2013 chini ya Big Hit, kampuni iliyokuwa ndogo wakati huo, isiyo na uzito wa SM, YG wala JYP, kampuni kubwa za muziki za huko, wa kuwatafutia wasanii wake nafasi katika televisheni za Korea. Mtu aliyefungiwa mlango wa mbele hupitia uani, na uani kwao ulikuwa mtandaoni. Akaunti yao ya Twitter ilifunguliwa Desemba 2012, nusu mwaka kabla ya wimbo wa kwanza, ikawa ya vijana wote saba kwa pamoja, na katika blogu yao waliweka video ambamo kila mmoja alikaa peke yake akasimulia mazoezi ya siku hiyo, uchovu wake na wasiwasi wake. Shabiki wa mwanzo alimjua kijana anayehangaika kabla hajamjua nyota.

Naomba usiipuuze ile akaunti moja ya watu saba. Hawakufungua akaunti binafsi za Instagram hadi Desemba 2021, na kwa miaka yote hiyo ukifungua ukurasa wao ulikuwa kama umeingia katika nyumba ya ndugu, huyu anamtania yule, mwingine anaweka picha ya mwenzake aliyesinzia. Mei 2017 walipopewa tuzo ya Billboard ya msanii anayeongoza katika mitandao ya kijamii, ambayo Justin Bieber alikuwa akiichukua kila mwaka tangu 2011, wengi nje ya Korea walishtuka. Sisi hatukushtuka.

Halafu kulikuwa na V Live, huduma ya matangazo mubashara iliyoanzishwa na kampuni ya Naver mwaka 2015. Kila albamu mpya ilipotoka, RM, kiongozi wa BTS, alikuwa akikaa mbele ya kamera na kueleza wimbo mmoja baada ya mwingine, ulitungwaje na ulikuwa na maana gani kwake. Mimi nilijifunza kusikiliza muziki kwa makini kutokana na vipindi hivyo, na hilo silioni kuwa biashara tupu.

Kilindini_Msomaji anajibu:

Dada Zamda ameeleza vizuri chimbuko, lakini mjomba ameuliza pia namna jambo hili linavyoendeshwa, na hapo sura inabadilika. Njia iliyoanza kwa uhaba wa nafasi iligeuka kuwa mali. Mwaka 2019 kampuni ya BTS ilizindua jukwaa lake lenyewe, Weverse, na mwishoni mwa 2022 V Live ilifungwa na shughuli zake zikahamia huko. Mwaka 2020 ikaja Bubble, programu ambayo shabiki huilipia kila mwezi kwa ajili ya msanii anayemchagua. Msanii huandika ujumbe mmoja unaowafikia waliolipia wote kwa wakati mmoja, lakini katika simu ya kila mmoja hutokea kama mazungumzo ya watu wawili, na unaweza kuweka jina unalotaka kuitwa, nalo likaingizwa ndani ya ujumbe. Majibu ya mashabiki wengine huyaoni. Ufundi wote umo katika kuuficha umati.

Simwambii mtu asilipie. Ninachosisitiza ni kwamba kijana aelewe chombo anachokitumia.

Bi_Mkunazini anajibu:

Mimi naongeza upande wa gharama kwa wasanii wenyewe. Anayefunguliwa mlango kila siku huanza kuiona nyumba kuwa yake. Mwaka 2023 Jungkook wa BTS ilimbidi awaombe mashabiki kupitia Weverse waache kumpelekea chakula nyumbani kwake. Machi 2024 Karina wa kikundi cha wasichana cha aespa aliandika barua kwa mkono na kuiweka Instagram, akiwaomba radhi mashabiki baada ya habari za uhusiano wake wa kimapenzi kutangazwa. Msichana mzima anaomba radhi kwa kupenda! Na baada ya msanii Sulli kufariki Oktoba 2019, tovuti ya Daum na baadaye ya Naver zilifunga sehemu ya maoni chini ya habari za burudani, kwa sababu matusi yalikuwa yamepita kiasi.

Hata hivyo umati huohuo, Juni 2020, ulichangisha dola milioni 1 kwa takriban siku moja ili kufikia kiasi kilekile ambacho BTS na kampuni yao walikuwa wamekitoa kwa harakati za kutetea maisha ya watu weusi Marekani. Hakuna aliyewaamuru.

Mjomba_Morogoro:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mpwa wangu majibu yote. Habari ya Bubble alikuwa anaijua kuliko mimi, akaniambia, "Mjomba, najua anatuandikia wote, ndiyo maana huwa tunauzungumza ujumbe wake darasani." Kisha akanionyesha daftari lake la herufi za Kikorea, kurasa arobaini na kitu, kwa sababu amechoka kusubiri mashabiki wa Kiingereza watafsiri kwanza ndipo naye awatafsirie wenzake kwa Kiswahili. Tumekubaliana alipie msanii mmoja tu, na kila Jumapili anifundishe herufi tano.