Naomba ushauri: tunafunga kikundi chetu, kumbukumbu zake nizikabidhi kwa nani?

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Kwa miaka 14 nimekuwa katibu wa kikundi cha wapenzi wa viwanja vya burudani hapa Moshi, ambao wengi wetu hatujawahi kukanyaga Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, wala Disneyland ya California ya mwaka 1955, lakini tunazijua bembea na treni za huko kama tunavyoijua njia ya sokoni. Sasa wengi wamehama, wengine wametangulia mbele za haki, na kikao kimeamua tufunge.

Kinachoniumiza ni sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu: ramani zilizotoboka kwenye mikunjo, tiketi za safari yetu ya pekee ya Kunduchi, kwenye kiwanja cha michezo ya maji kule Dar es Salaam, na kigari cha mteremko alichokiunda marehemu mzee wetu kwa spoku za baiskeli, ambacho hadi leo kinateremka bila kukwama. Kugawana vitu hivi naona ni kuviua.

Barua kwa Msajili wa Jumuiya tunaiandaa. Naomba waliowahi kufunga chama wanishauri: sanduku hili nilikabidhi kwa nani, na fedha kidogo iliyobaki benki, tuigawane au tumpe mjane wa mzee huyo?